Uzi maalumu wa postidoki za sayansi na uhandisi: ruzuku kwanza, tangazo baadaye

Kapilari (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliomaliza uzamivu au wanaokaribia kuutetea, na wanataka miaka miwili mitatu ya utafiti kwenye maabara nyingine kabla ya kutulia chuoni au kiwandani. Fizikia, kemia, baiolojia, uhandisi wa aina zote. Wa sayansi za jamii mtanisamehe, njia zenu ni tofauti kidogo.

Kosa linalowaangusha wengi ni kukaa kusubiri tangazo. Tangazo la postidoki ni mwisho wa safari iliyoanza mwaka au zaidi nyuma: profesa aliandika maombi ya ruzuku, akaweka humo mshahara wa mtafiti mmoja au wawili, akasubiri, akapewa. Siku fedha zinapopitishwa, nafasi ipo. Kati ya siku hiyo na siku tangazo linapopandishwa mtandaoni hupita wiki kadhaa, pengine miezi, na nafasi nyingi hupata mwenyewe humo humo kimyakimya. Tangazo linakuja kutoka kwa sababu kanuni za chuo zinalazimisha. Kwa hiyo tafuta mwenye ruzuku mbichi.

Taarifa za nani kapewa ruzuku haziko kabatini kwa mtu, ziko kwenye kanzidata za mtandaoni. Ulaya kuna CORDIS. Marekani kuna NSF Award Search kwa uhandisi na sayansi za msingi, na NIH RePORTER kwa afya na baiolojia. Ujerumani GEPRIS, Uingereza Gateway to Research, Japani KAKEN. Zote za bure, hazidai akaunti.

Tuchukue mtu aliyefanya uzamivu wa kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa, jambo ambalo watu wa Arusha na Meru wanalijua hadi kwenye meno. Anafungua CORDIS, anaandika maneno ya fani yake, anachuja miradi ambayo haijaisha. Kila mradi una ukurasa wake: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, jumla ya fedha, taasisi, muhtasari. Asome tarehe kabla ya muhtasari. Mradi wa miaka 5 ulioanza miezi minne iliyopita ndio wenyewe. Ulioanza miaka miwili na nusu nyuma umeshajaza watu, ila kuna wanaoondoka mapema, kwa hiyo aukumbuke. Uliobakiza miezi 14 hauwezi kutoa mkataba wa miaka miwili hata profesa ampende vipi.

Halafu asitafute floridi tu. Fedha nyingi za maji Ulaya sasa ziko kwenye PFAS, zile kemikali zisizooza, kwa sababu sheria ya maji ya kunywa ya Umoja wa Ulaya ya 2020 iliweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita kwa jumla ya PFAS 20, na nchi wanachama zilitakiwa kukitimiza kufikia Januari 2026. Mkaa wa mifupa hautasaidia sana huko, kemia yake ni nyingine. Kinachohama naye ni ujuzi wa kupima: isothemu (mchoro wa kiasi kinachonaswa kadiri kemikali inavyozidi majini), majaribio ya kolamu (bomba lililojazwa kichujio), kujua kolamu imechoka saa ngapi na kwa nini. Utafutaji ufanywe kwa mbinu, maana kwa jina la tatizo utakuta miradi miwili na kukata tamaa.

Mjukuu wa Ampere

Uzi umekuja wakati wake. Swali mkuu: ruzuku nikishaiona, huyo profesa namwandikia nini? Watu wanatuma barua pepe mia na hawajibiwi hata "asante".

Kapilari

Wanatuma mia ndiyo maana hawajibiwi. Barua nne kwa wiki zilizofanyiwa kazi zinatosha.

Urefu: maneno 200, yasizidi 250. Kichwa cha barua kiwe na mada, mwezi unaoweza kuanza, na kifupi cha jina la mradi wake. Aya ya kwanza iguse kitu kimoja mahususi kwenye kazi yake. Ya pili, kitu ambacho wewe umekifanya kinachopandana na hicho, kwa tarakimu. Ya tatu, swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Ambatisha PDF moja tu: wasifu wa kurasa mbili na ukurasa mmoja wa wazo. Vyeti vilivyopigwa skani kwa simu, barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha ya pasipoti viache nyumbani.

Angalia tofauti. Ya kwanza: "Mimi ni mtafiti mwenye bidii, ninavutiwa sana na kazi zako bora duniani, naomba nafasi yoyote katika kundi lako tukufu." Hii inafutwa kabla ya nukta ya kwanza, kwa sababu ingeweza kutumwa kwa profesa yeyote wa fani yoyote.

Ya pili: "Katika makala yenu ya mwaka jana, kolamu ya kaboni ilichoka mapema maji yalipokuwa na mabaki mengi ya mimea. Kwenye floridi nimekutana na mshindani mwingine, bikaboneti, na nilitenganisha athari yake na ya pH kwa kolamu 12 zilizoendeshwa sambamba. Mbinu hiyo inaweza kutumika kwenye maji yenu ya mto. Je, mradi wenu ulioanza Machi una nafasi ya mtafiti kuanzia Septemba, au mngekubali kuwa wenyeji kwenye maombi ya ufadhili?"

Hilo swali la mwisho lina milango miwili. Asiye na fedha za kukuajiri bado anaweza kusema ndiyo kwa mlango wa pili.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 10 hadi 14, ukijibu ndani ya barua ileile ili aione ya kwanza chini yake. Akinyamaza tena, mwache. Na usiwaandikie maprofesa watatu wa idara moja kwa siku moja. Wanakunywa kahawa pamoja hao.

Fundi Vekta

Naongezea kwenye ruzuku. Kwa Ulaya weka kalenda ya ERC, yaani Baraza la Utafiti la Ulaya. Starting Grant ni hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka 5, Consolidator milioni 2, Advanced milioni 2.5. Matokeo ya Starting Grant hutoka mwanzoni mwa Septemba. Mwaka 2024 walipewa watu 494, na orodha ya majina, vyuo na mada huwekwa wazi siku hiyohiyo. Hao wengi ni vijana wanaojenga kundi kwa mara ya kwanza, hawana foleni ya wanafunzi wao wa zamani wa kuwarithisha viti. Mwandikie Oktoba, akiwa hajajua hata meza za maabara atanunua wapi.

Japani piga hesabu kabla ya kuandika. KAKEN inaonyesha daraja la ruzuku. Kiban C haizidi yeni milioni 5 kwa mradi mzima, haiwezi kumlipa postidoki. Kiban S ni milioni 50 hadi 200, hapo kuna watu wa kuajiriwa. Mwenye Kiban C si wa kumdharau lakini, maana ufadhili wa JSPS (shirika la Japani la kukuza sayansi) unamlipa mtafiti moja kwa moja na yeye anatoa maabara tu.

GEPRIS haionyeshi kiasi cha fedha, usihangaike kukitafuta. Na Marekani hakikisha ruzuku bado iko hai, nyingi zilisitishwa 2025 katikati ya safari. Ukurasa wa zamani wa kundi unaosema "tunakaribisha maombi" usiuamini bila kuangalia hilo.

BintiPolima

Niseme ya Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa postidoki wa Umoja wa Ulaya, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila mara na ndiyo inayokosewa kila mara.

Unaandika pamoja na mwenyeji wa Ulaya, miezi 12 hadi 24. Uwe na uzamivu siku ya mwisho ya mwito, ambayo kwa kawaida huwa Septemba. Ziko aina mbili, ya Ulaya na ya Global. Utaifa wowote unaruhusiwa kwa ile ya Ulaya. Ile ya Global ni ya raia na wakazi wa muda mrefu wa nchi za Umoja na nchi shirika (zilizojiunga na mpango wake wa utafiti), msijichoshe nayo. Sehemu ya B1 ya ombi, yenye maelezo ya utafiti, ni kurasa 10. Ukizidisha, za ziada hazisomwi, na kupunguza herufi ili zienee ni kosa lingine kwa sababu ukubwa wa herufi nao umepangwa. Ubora wa utafiti una uzito wa 50%, athari 30%, utekelezaji 20%.

Wengi wetu tunapoteza kwenye athari. Tunaandika "utafiti huu utasaidia jamii". Msahihishaji anataka kujua nani atatumia matokeo, kwa njia gani, lini, data itawekwa wapi, na wewe mwenyewe utatoka hapo ukiwa na ujuzi gani ambao leo huna. Hilo la mwisho ni roho ya ufadhili wenyewe. Ukiandika kana kwamba unajua kila kitu, umejiondolea sababu ya kupewa. Na mwenyeji naye aandikwe anachojifunza kutoka kwako.

Utekelezaji: chati ya Gantt (ratiba ya kazi kwa mchoro) yenye hatari zake. "Kifaa kikiharibika tutatengeneza" si mpango. "Muda wa kifaa ukikosekana, sampuli zitapimwa kwa mbinu ya pili iliyopo idara jirani, na usahihi utapungua kwa kiwango hiki" ndiyo mpango.

Ushindani umepanda sana. Maombi yalikuwa 10,360 mwaka 2024, yakafika 17,058 mwaka 2025. Kwa hiyo msisahau ERA Fellowships: mwenyeji akiwa kwenye nchi kama Ureno, Ugiriki, Cheki, Polandi au Slovenia, kuna kisanduku cha kuchagua ili ombi lisilopata liingizwe kwenye mfuko huo wa pili bila kuandika upya. Watu wanakiruka hicho kisanduku kwa haraka. Jingine: alama za chini huzuia kurudi mwaka unaofuata na mwenyeji yuleyule, kwa hiyo ombi la kubahatisha lina gharama.

Mwisho, kiwango cha fedha kinachoandikwa kwenye mwito ni gharama ya mwajiri. Makato yote, ya kwako na ya mwajiri, yanatoka humo. Watu wanagawa kwa shilingi, wanafurahi, halafu hati ya kwanza ya mshahara inawashtua.

Ngalawa

Dada BintiPolima, na ile kanuni ya uhamaji? Kuna wanaosema ukisoma uzamivu Ubelgiji basi Ubelgiji umefungiwa.

BintiPolima

Sivyo. Kinachohesabiwa ni makazi na shughuli kuu, si cheti kilitoka wapi. Usiwe umeishi au kufanya kazi nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya mwito. Likizo fupi hazihesabiki, wala muda uliotumika kwenye utaratibu wa kupata hadhi ya ukimbizi. Aliyetoka Ubelgiji miaka miwili na nusu nyuma, ahesabu miezi kwa kalenda. Aliye na uzamivu wa mtindo wa kugawana, nusu Morogoro nusu Leuven, aandike kila safari na mihuri ya pasipoti ailinganishe. Wakaguzi huuliza baada ya kushinda, na kukosea kwa mwezi mmoja kunaondoa ushindi.

Mzee wa Spektra

Vijana mnaisahau Ujerumani. Postidoki ya kuajiriwa chuoni huko kwa kawaida iko kwenye ngazi ya E13 ya TV-L, jedwali la mishahara ya majimbo, na jedwali liko wazi mtandaoni. Mambo mawili tu. Kwanza, asilimia ya muda wa kazi: E13 ya 100% na ya 75% ni maisha tofauti. Pili, kidato cha ndani ya ngazi kinachoitwa Stufe, ambacho hutegemea uzoefu uliothibitishwa. Barua za waajiri zenye tarehe za kuanza na kumaliza zipelekwe kabla ya kusaini. Ukishasaini, kupandishwa kwa ushahidi uliokuja baadaye ni kugombana na ofisi ya utumishi. Kuna pia sheria ya mikataba ya muda, WissZeitVG, inayotoa miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Aliyekwisha kutumia mitano, profesa atahesabu hiyo kabla ya kuangalia makala zake.

Ufadhili wa Humboldt, wa Ujerumani pia, ni kwa walio ndani ya miaka 4 tangu uzamivu, miezi 6 hadi 24. Maombi hupokelewa muda wowote, kamati hukaa mara tatu kwa mwaka.

JSPS ya Japani: ndani ya miaka 6 tangu uzamivu, miezi 12 hadi 24. Anayewasilisha ni mwenyeji kupitia chuo chake, na chuo kina tarehe yake ya ndani ambayo huwa wiki kadhaa kabla ya ile inayotangazwa. Anayefuata tarehe ya JSPS anakuta ofisi ya chuo imeshafunga.

Fundi Vekta

Mzee wa Spektra umegusa pazuri, ila utofautishe mshahara na posho ya ufadhili. Posho mara nyingi haina pensheni, na bima unajitafutia. Afrika Kusini postidoki nyingi za vyuo ni za posho ya namna hiyo. Ulizeni kabla ya kukubali, hasa wenye familia.

Dk. Bila Kiti

Viza, kwa sababu nafasi nyingi hufia hapo.

Marekani: postidoki wengi huingia kwa viza ya J-1 ya mtafiti, isiyozidi miaka 5. Mtego wake ni huu: ukiimaliza programu na kuondoka, hata kama ulitumia miezi 8 tu, huwezi kurudi kwa J-1 ya mtafiti hadi ipite miezi 24, na miaka iliyobaki imekufa. Anayekwenda kwa miezi michache aombe iandikwe ya mtafiti wa muda mfupi, kikomo miezi 6. Hiyo haina adhabu hiyo. Mtego wa pili ni sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, linaloitwa 212(e). Linategemea fedha za serikali na orodha ya Marekani ya ujuzi unaohitajika nchini kwako, na orodha hiyo ilibadilishwa Desemba 2024, kwa hiyo msitumie majibu ya zamani ya mitandaoni. Bima iwe na angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Na kabla ya yote hayo, soma masharti ya kuingia ya wakati huo kwa pasipoti unayobeba.

Ufadhili wa postidoki wa NSF na ule wa F32 wa NIH ni wa raia na wenye ukazi wa kudumu. K99/R00 wa NIH unawapokea wageni, lakini ombi lazima lipitie taasisi ya Marekani.

Uingereza: fani nyingi za uhandisi, fizikia na vifaa zinadai cheti cha ATAS, kibali cha usalama cha kufanya utafiti huo, kwa wenye pasipoti zetu. Hakina ada, kinachukua wiki kadhaa, na hutaomba viza bila hicho. Maelezo ya utafiti yatoke kwa mwenyeji, neno kwa neno. Ukijitungia yako yakatofautiana na ya chuo, ombi linarudi. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na inalipwa yote kwa mkupuo: mkataba wa miaka 3 ni pauni 3,105 kabla hujapanda ndege. Uliza chuo kama kinarejesha, na kama kinarejesha kabla au baada.

Mjukuu wa Ampere

Hiyo ya ada ya mkupuo haisemwi popote kwenye tangazo, ahsante Dokta. Na wadhamini wa kuniandikia barua je?

Shemeji wa Takwimu

Watatu, wiki tatu hadi nne kabla. Mifumo mingi hutuma kiungo kwa mdhamini dakika uliyobonyeza, si siku ya mwisho, kwa hiyo mwambie kabla ya kubonyeza. Mingine hukataa anwani za Gmail na Yahoo, na maprofesa wetu wengi wanaishi humo. Mwombe ile ya chuo, kisha umuulize kama anaifungua kweli; kuna inboksi za chuo zilizojaa tangu zamani na barua zinagonga mwamba. Mpe karatasi moja yenye mambo matatu ambayo ungependa ayataje, pamoja na wasifu. Mdhamini anayeandika "alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu na aliyehudhuria" amekuzika bila kukusudia.

Jina. Cheti kina majina mawili, pasipoti matatu, makala zimeandikwa kwa herufi za mwanzo. Fungua ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti), unganisha yote, na hati ya kiapo ya majina iwe tayari. Kama cheti hakijachapwa, chukua barua ya chuo inayosema seneti imepitisha na tarehe yake. "Amekamilisha matakwa" bila tarehe hurudishwa.

Makala kwenye majarida ya kulipia yasiyo na uhakiki ziondoe kwenye ukurasa wa kwanza wa wasifu. Tatu safi zinashinda tisa ambazo nne zake zina harufu.

Usaili huwa Zoom: wasilisho la dakika 20 au 30, kisha maswali. Weka slaidi moja ya kilichoshindikana na jinsi ulivyojua kuwa kimeshindikana. Wataifungua wao usipoifungua wewe. Ikifika zamu yako uliza: fedha za nafasi hii zinaisha mwezi gani? Mkataba wa kwanza ni wa muda gani na nani huamua kuongeza? Muda wa vifaa unagawanywaje? Waliopita hapa wako wapi sasa? Akikwepa la kwanza na la mwisho kwa pamoja, sikiliza hayo.

Tausi wa Kilifi

Si lazima kupanda ndege kwenda mbali. icipe na ILRI Nairobi, KEMRI-Wellcome Kilifi, Ifakara huku Tanzania, wote huajiri watafiti wa ngazi hii kwa ruzuku za kimataifa. Kanuni ya mleta uzi inafanya kazi hapa pia: tafuta jina la taasisi ndani ya CORDIS au NIH RePORTER, utaona miradi yao.

Akina dada wenye uzamivu na ajira kwenye taasisi ya nyumbani waangalie OWSD Early Career, ya shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hadi dola 50,000 za kujenga kundi lako hapahapa. Nchi zinazostahili zimeorodheshwa kwenye tovuti yao.

Na tahadhari moja: hakuna maabara ya kweli inayotoza "ada ya kushughulikia nafasi". Ofa ikija bila usaili, kutoka anwani inayofanana na ya chuo lakini ina herufi moja ya ziada, na inataka pasipoti na malipo, funga.

Ngalawa

Kwa anayetetea Desemba, aanze na kipi?

Kapilari

Septemba ya Marie Curie imeshampita, hana uzamivu bado. Hiyo aiweke mwaka unaofuata na aanze kuongea na mwenyeji Aprili. Orodha ya ERC ya Septemba aisome wiki ileile, barua zitoke Oktoba na Novemba, wakati tasnifu iko kwa watahini na yeye anazunguka zunguka tu. Barua ya seneti ikitoka, Humboldt. JSPS amuulize mwenyeji tarehe ya ndani ya chuo kwenye barua ya kwanza kabisa.